Sitaki Iliyosikika Mtaa Mzima

Kaka yangu anakula kwa mdomo wake, na simaanishi kijiko. Ana kigari cheupe chenye pembe mbili za spika zilizofungwa juu ya paa kwa waya, na kila asubuhi hupita mitaani akitangaza. Duka jipya limefunguliwa, maji yatakatika kuanzia saa nne, vijana wanacheza mpira leo kiwanja cha nyuma ya posta, mbuzi mwenye doa jeupe kichwani amepotea. Watu wameshasahau jina lake. Wanamwita Spika, na hata mkewe akiudhika humwita Spika.

Ukimkuta nyumbani hutaamini kuwa ni yeye. Huongea chini chini kama mtu aliyeingia maktaba. Ukimuuliza, anakwambia sauti ameiacha garini.

Mimi ni dada yake. Nina saluni ya kusuka kwenye jengo hilo hilo wanaloishi, wao nyuma, mimi upande wa barabarani. Kwa hiyo haya ninayosimulia, mengine nimeyaona kwa macho yangu na mengine nimeyapata kupitia ukutani, maana ukuta wetu haujui kutunza siri.

Spika ana mtoto mmoja, binti wa miaka saba. Tunamwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kuongea hajawahi kufunga mdomo. Anaongea akila, anaongea akivaa viatu, anaongea na kuku wa jirani na kuku anamsikiliza. Isipokuwa alikuwa na kithembe. Kila s ilitoka th, kila z ikatoka dh. Mimi nilikuwa "shangadhi". Sukari ilikuwa "thukari". Alipokuwa mdogo tuliona ni utamu mtupu. Wateja wangu walimwita makusudi aje awahesabie mpaka kumi, wasikie tu akifika "tano, thita, thaba", kisha wanampa peremende. Hatukujua kwamba mtoto hukua na mambo hayo yakawa mengine.

Wa kwanza kushtuka alikuwa mwenye duka la kona. Wifi yangu, ambaye hushona mapazia nyumbani, alimtuma Chiriku sabuni. Akarudi na dodoki.

"Nimekutuma nini, mwanangu?"

"Ile ya kuogea."

"Nilisema sabuni."

"Ndiyo. Ya kuogea."

Wifi akamrudisha. Akarudi na taulo. Safari ya tatu alikuja na mwenye duka mwenyewe, amebeba dodoki mkono huu, taulo mkono huu, anahema. "Jamani," akasema, "mtoto ananiambia anataka ile ya kuogea yenye povu, nikamwambia sema jina lake, ananitazama tu. Nimempa duka zima isipokuwa mimi mwenyewe."

Tulicheka. Lakini siku hiyo Spika alirudi mapema, akakaa akamsikiliza bintiye wakati wa chakula, naye ni mtu ambaye kazi yake ni maneno. Akaanza kusikia kitu. Chiriku hakuwa anasema sukari. Alisema "ile nyeupe tamu ya kwenye chai". Hakuwa anasema sasa. Alisema "wakati huu huu". Nilipoingia kuazima jiko, badala ya "shangadhi" yangu ya siku zote alinipokea kwa furaha, "Karibu, dada wa baba!" Nikamuuliza ana miaka mingapi, kwa utani tu. Akafikiri kidogo. "Mitano," akasema, "na mingine miwili."

Mtoto alikuwa ameiondoa s katika Kiswahili.

Sasa jaribu wewe. Jaribu kuishi siku moja bila s na bila z. Utagundua haraka kwamba huwezi kusema sitaki, wala sijui, wala si mimi. Huwezi kukana kosa. Na kama umekosa kweli, samahani nayo huipati. Nikakumbuka jinsi wiki hiyo nzima alivyokuwa akilaumiwa kwa kila kitu. Maji yakimwagika, nani? Chiriku anajibu, "Mimi hapana," kwa sauti ya kujikanyaga, na mama yake anaona huyo anaficha jambo. Maskini, alikuwa amebeba makosa ya jengo zima, na ya paka juu.

Spika akamchukua magotini. "Darasani kumetokea nini?"

Ikatoka polepole. Walikuwa wanasoma kwa sauti, mmoja mmoja, na zamu yake ilipofika sentensi ilikuwa ya simba na sungura. Nadhani mwandishi wa kitabu kile hakuwa na watoto. Darasa likaangua kicheko, na tangu siku ile wakimwona hupiga kelele, "Thimba! Thungura!" Basi akaamua. Kama maneno yale yanamchekesha kila mtu, yeye hayahitaji.

Nilimwona kaka yangu akigeuza uso dirishani.

Wiki iliyofuata walikwenda hospitali, kwa mama mmoja mfupi mwenye miwani, mtaalamu wa matamshi, katika chumba kilichojaa vioo na vitabu vya picha. Alimwangalia Chiriku mdomoni, akampima masikio, akamfanya aseme hili na lile, kisha akasema hakuna kilichoharibika. Meno sawa, masikio sawa. Ulimi ndio wenye udadisi. Kila ikifika s, unachungulia nje katikati ya meno kuona nani anapita.

"Tutaufundisha kukaa ndani," akasema. "Chiriku, sema t. T, t, t. Haraka. Unaona ulimi uko wapi? Uko nyuma ya meno, umetulia. Sasa funga meno, uendelee, halafu uache upepo utoke mrefu." Naye akaonyesha: t, t, t, tsss.

Akawageukia wazazi. Dakika chache kila siku, nyumbani, mbele ya kioo. Kwanza sauti peke yake, halafu sa, se, si, so, su, halafu maneno. Na masharti mawili. Mosi, asichekwe. Pili, asikatizwe akiwa anaongea habari zake. Mazoezi yana wakati wake, maongezi yana wakati wake.

Sharti la kwanza Spika alilishika. La pili lilimshinda kabla hawajafika nyumbani.

Kaka yangu akipenda jambo halipendi kidogo. Alibandika vioo. Kimoja sebuleni, kimoja jikoni, kimoja mlango wa choo, hata wageni wakawa wanaingia chooni na kujikuta wanajitazama meno. Nyumba nzima ikawa t-t-t. Ukiamka asubuhi, kupitia ukutani: t-t-t. Birika likichemka likitoa mvuke, anakimbia: "Chiriku! Sikiliza birika! Birika linaweza!" Wifi akipiga pasi pazia lenye maji, pasi ikifanya sss, Spika anainua kidole: "Umeisikia hiyo? Pasi haina hata ulimi!"

"Baba," mtoto akamwambia, "mimi ni mtu."

Na mezani hakumpa nafasi. Chiriku akianza kusimulia jinsi mwalimu alivyokaa kwenye kiti kilichovunjika, habari nzuri kabisa, hajafika kiti kuvunjika baba yake ameshamkata: "Meno! Ulimi ndani! Rudia!" Akirudia, kicheko cha habari kimeshapoa. Siku ya tatu ya mambo hayo mtoto aliweka kijiko chini, akajifunika mdomo kwa viganja vyote viwili, na nyumba ikapata ugeni ambao haikuwahi kuuona. Kimya.

Wifi yangu ni mtu wa maneno machache. Alikata uzi kwa meno, akaweka pazia kando. "Spika," akasema, "huyu si gari lako. Hatangazwi. Kuanzia leo zoezi ni dakika zile zile tulizopewa, na si humu ndani. Humu ndani mtoto aongee anavyotaka. Na vioo viondoe, nimechoka kujiona nikikata vitunguu machozi yananitoka."

Alibandua vioo kimoja kimoja, mnyonge kama mtu aliyefukuzwa kwaya. Kisha akamuomba mtoto radhi, kwa sauti ile ya maktaba. Chiriku akamsamehe akiwa bado ameziba mdomo, kwa kichwa.

Ndipo zoezi likahamia garini. Spika akirudi jioni mapema, jua bado lipo, aliegesha mbele ya saluni yangu, Chiriku akarukia kiti cha mbele, wakafunga milango na madirisha, na kioo kile cha dereva kikageuzwa kimtazame mtoto. Hapo ndani alikuwa mwalimu mwingine kabisa. Sijui ni kwa kuwa lile gari ndilo mahali anapojiamini. Hakumkatiza. Walifanya t-t-t yao, wakapuliza, wakapumzika, wakala karanga, wakarudia. Siku nyingine ilitoka th. Siku nyingine ilitoka kitu cha katikati, kama tairi linalopungua upepo. Spika alisema, "Sawa, ni tairi. Tairi si mbaya," wakacheka wote wawili, wakashuka.

Siku ninayotaka kuwaeleza nilikuwa na mteja kitini, mama anayeuza mboga, nimefika katikati ya msuko. Saluni ilikuwa imejaa. Nje mtaa ulikuwa na watu kama kawaida ya saa ile: fundi viatu na sanduku lake, wanafunzi, watu wanaotoka kazini.

Ndani ya gari, haya nimeyapata baadaye, Chiriku alifunga meno akafanya t, t, t, ts, na ile s ikatoka. Nyembamba, safi, ndefu kama uzi. Akaangalia kioo kuona ni nani aliyeifanya. Spika akaruka kitini, kichwa kikagonga paa, na kiwiko kikaangukia swichi ya maikrofoni.

Nasi tukasikia, kutoka kwenye pembe mbili za juu ya paa, kwa nguvu yote inayotumika kutafutia mbuzi:

"SSSSSSS!"

Mteja wangu alirukia kiti cha jirani na nusu ya msuko mkononi mwangu. "Nyoka!" akapiga kelele. "Nyoka mkubwa!"

"Tena!" ikaunguruma sauti ya kaka yangu mtaani. "Sasa sema sabuni!"

"Thabuni. Hapana. Ngoja. T, t, sssabuni. Sabuni!"

"Sita!"

"Thi... sssita!"

Fundi viatu alisimama na kiatu cha mtu mkononi. Watu wakaanza kutazamana, wengine wanatabasamu. Nilitoka mlangoni nikiwa nimeshika kitana, nikapunga, nikapunga, lakini wale wawili walikuwa wameinamia kioo, hawaoni dunia.

"Ajabu! Haya, tufanye na sungura."

Sungura alikuwa na historia yake.

"Sitaki," akasema Chiriku.

"Umesema nini?"

"Sitaki."

"Tena! Sema tena!"

"Sitaki!"

"Kwa nguvu!"

"SITAKI! SITAKI! SITAKI, BABA! SITAKI!"

"TENA! TENA, MWANANGU!"

Naomba ujiweke mahali pa mtu aliyekuwa anapita barabara ya pili, hajui lolote, anasikia mtoto wa kike analia sitaki kwa spika na mwanamume anamwambia tena. Walikuja mbio. Walikuja kutoka posta, kutoka kwa kinyozi wakiwa na sabuni kidevuni, mwanamke mmoja amebeba mwiko. Mimi nilikuwa napaza sauti, "Ni zoezi! Ni zoezi tu!" nani anisikie, nashindana na pembe mbili. Fundi viatu ndiye aliyewahi. Aliufungua mlango kwa kishindo, kiatu kimeinuliwa tayari kwa vita.

Akamkuta Chiriku amesimama juu ya kiti, mikono juu, anacheka mpaka anapaliwa, na Spika, mtu mzima, machozi yanamtiririka mpaka kwenye shati.

"Unamfanya nini mtoto?" fundi akauliza, na sauti yake nayo ikatoka juu ya paa.

"Hataki!" kaka yangu akamjibu kwa furaha isiyo na kiasi. "Umemsikia? Hataki!"

Ilichukua muda kueleweka. Ilipoeleweka, mama wa mwiko akaanza kupiga vigelegele, na Chiriku, ambaye nilidhani atajificha chini ya kiti kwa aibu, alitazama umati ule wote, akavuta maikrofoni kwa baba yake, akasema taratibu, kwa meno yaliyofungwa vizuri: "Samahanini kwa usumbufu."

S mbili bila kuteleza. Mtaa ukalipuka.

Kuanzia hapo hakuzuilika. Yale maneno aliyoyafungia muda wote ule yalitoka kwa pamoja. Hakutaka chochote. Unataka uji? Sitaki. Unataka kulala? Sitaki. Unataka zawadi? "Sita... naitaka!" Maji yalipomwagika alipiga kelele kabla hajaulizwa, "Si mimi!" na siku ile ilikuwa ni yeye, na mama yake hakuweza kumgombeza kwa kicheko. Akiongea haraka kithembe kilirudi, akijisikia anajirudisha mwenyewe, na hakuna aliyemkatiza.

Basi akaja Bwana Kochi. Huyu anauza samani, duka refu karibu na mzunguko wa barabara, na Spika humtangazia kila mwezi. Alikuwepo mtaani siku ya kelele zile. Alikaa sebuleni kwa wifi, akakataa chai, akakubali, akasema: "Nataka tangazo jipya. Nataka asome mtoto."

Spika akavimba kifua kama njiwa.

"Lakini," Bwana Kochi akaendelea, "nataka ile sauti ya mwanzo. Ile ya kithembe. 'Thamani dha kithatha.' Watu wataipenda mno! Watajaa dukani."

Kaka yangu alicheka, maana yule bwana aliigiza vizuri. Halafu akamwona wifi hacheki. Halafu akamtazama bintiye. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono kama mwenye duka saa ya kufunga.

"Hiyo imekwisha," akasema.

"Imekwisha?"

"Imekwisha. Hatuna tena."

Bwana Kochi akamgeukia Spika kutafuta msaada. Spika akanyoosha mikono. "Umesikia mwenyewe, ndugu yangu. Bidhaa hiyo haipo sokoni. Iliyopo ni hii mpya. Ukiitaka, twende."

Akaitaka. Tukaingia garini kurekodi, yaani wao waliingia, sisi wengine tukajazana madirishani. Karatasi ilikuwa na maneno haya: samani za kisasa, samani za thamani, njoo leo, usafirishaji bure. Chiriku akafunga meno. Akavuta pumzi.

"Samani za kisasa! Samani za samani! Njoo leo!"

Bwana Kochi akainua mkono. "Samani za nini?"

"Za samani."

"Za thamani, mama. Thamani."

"Ndiyo. Samani."

Spika akafumba macho. Alikuwa ameelewa. Mtoto alikuwa ameifukuza th kwa bidii kiasi kwamba ameifukuza hata kwenye maneno yake yenyewe. Tukamwambia ahesabu: "Kumi, ishirini, selasini!" Themanini ilikuwa semanini. Dhahabu ilikuwa zahabu.

"Mwanangu," Spika akaanza kwa upole sana, "kwenye neno hili, toa ulimi."

Chiriku alimtazama kama mtu aliyeuziwa kiatu kimoja. "Nitoe?"

"Kidogo."

"Si mlisema ukae ndani?"

"Tulisema, ndiyo. Kwenye sasa, unakaa. Kwenye thamani, unatoka."

"Na kwenye sabuni?"

"Unakaa."

"Na kwenye thelathini?"

Akaisema sawasawa bila kujua, th zote mbili, kwa hasira. Kisha akasikia alichosema. Akairudia: thelathini. Akagusa ulimi kwa kidole, akautazama kiooni, akausemesha kama anamsemesha mtoto mtundu: "Kumbe wewe njia unaijua siku zote. Basi subiri nikuite."

Wifi yangu aliteleza kutoka dirishani akakaa chini barabarani, amejishika mbavu. Bwana Kochi alicheka mpaka akasahau karatasi yake kwenye boneti na upepo ukaenda nayo. Walirekodi hata hivyo, kwa kichwa, na mara ya tano ikatoka yote: samani ikawa samani, thamani ikawa thamani. Wiki nzima sauti yake ilizunguka mji ikimpita kila aliyewahi kumcheka. Wawili kati yao walikuja nyumbani kuomba kupanda gari. Aliwauliza kwanza, "Mnasemaje?" Wakasema, "Samahani." Akawapisha kitini.

Muhula ulipokwisha walirudi kwa yule mama wa miwani, nami nikaenda, sikutaka kusimuliwa. Mtaalamu akamwomba Chiriku azungumze tu, chochote, yeye asikilize. Alianza na safari ya kuja, akaingia kwa mwalimu na kiti kilichovunjika, sasa akafika mwisho wake na sote tukacheka mahali panapostahili, akapita kwa simba, sungura, sofa za Bwana Kochi, fundi viatu. Yule mama alikuwa na karatasi ya kuweka alama, lakini baada ya muda aliweka kalamu akategemeza shavu. Nesi akachungulia kusema kuna watu wanasubiri nje. Akachungulia tena.

"Nimetosheka," mtaalamu akasema hatimaye, akapata nafasi Chiriku alipokuwa anavuta pumzi. Akamgeukia kaka yangu. "Hapa kwangu hamna tena la kufanya, baba. Na kama mnatafuta wa kumnyamazisha, idara hiyo hatuna."

Tukatoka. Kwenye korido Chiriku alikuwa ameshaanza habari nyingine, ya kuku wa jirani, akiwaeleza wagonjwa wa benchi la kwanza. Spika alisimama pembeni akamngojea, mikono mfukoni, bila kumkatiza, mpaka kuku akataga.